Mwaka mmoja wa kupimiwa maji ya ardhini kwenye kituo cha mafuta Moshi: tathmini ya huduma

Kituo changu cha mafuta kiko pembezoni mwa mji wa Moshi, upande wa barabara inayokwenda Himo. Nilikirithi kwa marehemu baba pamoja na matanki matatu ya chuma ambayo yamekaa ardhini kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda wote huo sikuwahi kujiuliza chuma hicho kina hali gani huko kilipo. Asubuhi moja ya Februari, bibi anayeishi nyuma ya ukuta wa kituo alikuja na ndoo ya maji aliyoyachota kisimani kwake alfajiri ile. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Mjukuu wangu, hebu nusa hapa." Yalinuka petroli. Harufu haikuwa kali, lakini mtu aliyekulia sheli haikosei.

Kisima kile kilichimbwa kwa mikono na marehemu mume wake, na kaya nne hukitegemea kila maji ya bomba yanapokatika. Siku hiyohiyo nilimwomba asikitumie, nikaanza kumpelekea maji kwa gharama yangu, kisha nikatafuta mtu wa kunipimia maji yaliyo chini ya kituo. Ninayoandika hapa ni tathmini ya huduma niliyoipata, kwa ajili ya wenye vituo wenzangu wa Moshi na Arusha, na kwa ajili ya majirani wa vituo, ambao wana haki ya kujua kazi hii inakuwaje inapofanywa ipasavyo. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mkataba wetu unaendelea na nina malalamiko ambayo tumekubaliana kuyamaliza wenyewe. Niseme tu kwamba ni kampuni ya ushauri wa mazingira yenye wanajiolojia wake, na inafanya kazi katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

Kabla yao nilimwita mtu mwingine. Alikuja peke yake kwa bodaboda, akateremsha ndoo kwenye kisima cha bibi, akajaza maji kwenye chupa ya plastiki iliyowahi kuwa na soda, akaitia begini na kuondoka. Wiki tatu baadaye aliniletea ripoti ya kurasa sitini iliyojaa historia ya mkoa, hali ya hewa na picha za rangi, na kwenye ukurasa wa mwisho jedwali lenye pH, chumvi, ugumu wa maji na vimelea vya kinyesi, pamoja na hitimisho kwamba maji ni salama. Hapakuwa na kipimo hata kimoja kinachohusu petroli. Nilimlipa kwa sababu sikujua, na jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba karatasi ile nilikuwa nimekwisha kumwonyesha bibi.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya hidrokaboni, na zinazotafutwa kwanza majini ni nne: benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, kwa sababu huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko nyingi za wenzake na husafiri nayo. Benzini ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na Marekani imeweka 5. Mwanajiolojia wa kampuni, siku yake ya kwanza ofisini kwangu, alichukua kalamu akanifanyia hesabu ambayo sijaisahau. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 imebeba karibu gramu 9 za benzini, na gramu hizo zikisambaa sawasawa zinatosha kuyafikisha maji karibu lita 900,000 kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Lita moja ni kiasi kinachomwagika kwenye shimo la kujazia pale kijana wa tenka anapochomoa mpira kwa haraka.

Aliniambia pia kwamba pua haitoshi kuwa mlinzi. Benzini yenyewe haisikiki harufu yake majini mpaka ifike miligramu kadhaa kwa lita, ambayo ni zaidi ya mara mia ya kikomo, na kile alichokinusa bibi kilikuwa vitu vingine vya petroli vinavyonuka mapema. Nilimuuliza kuhusu kuchemsha, kwa kuwa ndiyo desturi ya nyumba nyingi hapa. Akanieleza kwamba kuchemsha huua vijidudu, ilhali benzini hugeuka mvuke na kuingia katika hewa ya jikoni, anayoivuta mpishi pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni.

Sehemu ya huduma ninayoisifu bila kusita ni namna walivyochagua mahali pa kuchimba. Moshi imekaa juu ya tabaka za lava, majivu ya volkano na tope la mawe lililoporomoka kutoka Kilimanjaro zama za kale, na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu wa mlima hupenya ardhini na kuteremka kuelekea tambarare za kusini. Ndiyo maana tumejaliwa chemchemi nyingi. Kwa sababu hiyo nilidhani swali la mkondo limekwisha kujibiwa: mlima uko kaskazini, basi maji yanakwenda kusini. Walinikatalia kwa heshima. Walisema mteremko wa nchi hauwezi kukueleza maji yanaelekea wapi ndani ya kiwanja cha mita hamsini, kwa kuwa lava ina nyufa, majivu yaliyoshindiliwa huyazuia maji, na korongo lililo karibu huyavuta upande wake. Visima vitatu ndiyo idadi ya chini kabisa, kama kigoda kisivyoweza kusimama kwa miguu miwili, kwa maana ukijua usawa wa maji katika nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja unaweza kuchora mteremko wake na kujua yanaelekea wapi.

Walichimba vinne. Kimoja kiko upande wa juu wa matanki, ili ijulikane maji yanaingia kituoni yakiwa na hali gani. Cha pili kiko jirani na matanki. Viwili viko upande wa chini, kuelekea ukutani. Mdomo wa kila kisima ulipimwa na mpima ardhi hadi milimita, kazi iliyochukua siku nzima na ambayo mwanzoni niliiona ni ya kunichelewesha. Matokeo yalipokuja nilielewa: tofauti ya usawa wa maji kati ya kisima cha juu kabisa na cha chini kabisa haikuzidi sentimita 40, kwa hiyo kosa dogo la upimaji lingeweza kuugeuza mshale wa mkondo. Mshale wenyewe ulielekea kusini-mashariki, moja kwa moja kwa bibi, na si kusini kwenye shamba la migomba nililokuwa nikilihofia. Kama ningechimba kwa akili yangu, visima viwili kati ya vinne vingekuwa mahali ambapo uchafuzi haupiti, na ningekuwa nikijifariji kwa majibu safi mwaka mzima.

Masuala ya vibali waliyashughulikia vizuri na sina mengi ya kusema juu yake. Walikwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake kuu ziko hapahapa Moshi, kwa ajili ya ruhusa ya kuchimba, na wakanisaidia kuandika taarifa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Hawakunificha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 imejengwa pamoja na mambo mengine juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na kwamba anayechafua katika habari hii ni mimi. Nilihitaji kuambiwa hivyo na mtu ninayemlipa.

Kisima cha uangalizi hakifanani na kisima cha kuchota maji, na mwenye kituo anayetaka kulinda fedha yake inafaa asimame palepale kinapojengwa. Ndani yake hushushwa bomba la PVC la inchi 2 lenye nyufa nyembamba zilizokatwa kiwandani. Petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake, kwa hiyo sehemu yenye nyufa lazima ianzie juu ya usawa ambao maji hufikia wakati wa masika na kuishia chini ya usawa wa kiangazi. Nyufa zikianza chini ya maji, mafuta yanayoelea yatabaki nje ya bomba na kisima kitaonyesha maji safi huku petroli imekizunguka. Kulizunguka bomba hujazwa mchanga safi, juu ya mchanga hutiwa bentonaiti, ambayo ni udongo unaovimba ukilowa na kuziba njia, kisha saruji, na juu kabisa mfuniko wa chuma wenye kufuli uliolingana na sakafu ili magari yapite.

Hapo ndipo nilipopata kosa lao la kwanza. Mfuniko wa kisima cha pili waliuweka mahali penye bonde dogo la sakafu, na mvua ya kwanza ilipokuja niliona maji yenye rangi za upinde wa mvua, yale yanayotiririka kutoka kwenye pampu, yakikusanyika juu yake. Kisima kilichochimbwa ili kufichua uchafuzi kingeweza kuwa mlango wa kuuingiza. Niliwapigia simu, wakaja baada ya siku mbili, wakainua ukingo kwa saruji na kubadilisha mpira wa kuzibia bila kunidai kitu. Nawapa heshima kwa kurekebisha, lakini fundi mwenye uzoefu wa vituo vya mafuta angeliona jambo hilo kabla ya saruji kukauka.

Siku ya kuchukua sampuli ndipo tofauti kati yao na yule wa bodaboda ilipoonekana waziwazi. Walifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya foleni ya magari, wakaniomba nifunge pampu mbili zilizo karibu na kuzima jenereta. Walianza na kisima kilichodhaniwa kuwa safi na kumalizia na kile kilichodhaniwa kuwa kichafu, ili chombo kisibebe uchafu kutoka kimoja kwenda kingine, na kila kisima kilikuwa na glavu zake mpya. Kwanza waliteremsha utepe wenye kifaa kinachotoa mlio mmoja kikigusa mafuta na mlio mwingine kikigusa maji, wakaandika vipimo vyote viwili. Kisha waliteremsha pampu ndogo inayovuta maji polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, wakakaa wakitazama joto, pH, oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme mpaka tarakimu zitulie, kwa sababu maji yaliyolala ndani ya bomba kwa miezi hayana ushahidi wa maji yaliyo mwambani.

Chupa zenyewe ni za kioo, ndogo za mililita 40, zenye matone ya asidi ndani. Zinajazwa hadi ukingoni pasibaki hewa, kisha kijana alizipindua moja moja na kuzigonga kwa kidole akitafuta kiputo. Yenye kiputo aliiweka kando na kujaza nyingine, kwa maana benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo na maabara itapima pungufu ya kilichokuwepo. Zote ziliingia kwenye kasha la barafu lenye kipimajoto, lengo likiwa nyuzi 4. Pamoja nazo iliwekwa chupa ya maji safi iliyotoka maabara na kurudi maabara bila kufunguliwa, ili kama nayo itaonekana na petroli ijulikane uchafu uliingia njiani, na chupa pacha ya kisima kimoja iliyopewa jina bandia, ili maabara ijipime yenyewe bila kujua. Nilisimama pale nikifikiria ile chupa ya soda.

Majibu ya mara ya kwanza yalikuwa haya: kisima cha upande wa juu hakikuonyesha benzini, cha karibu na matanki kilionyesha mikrogramu 310 kwa lita, cha ukutani 145, na cha bibi, ambacho nilitaka kipimwe pamoja na vyangu, kilionyesha 22. Kwa hiyo chanzo kilikuwa kwangu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Wale wanaopima kisima kimoja tu, cha jirani anayelalamika, hawawezi kupata jibu la namna hiyo, kwa sababu ni kile kisima safi cha upande wa juu kilichofunga mjadala.

Mwanajiolojia hakuishia kwenye maji. Aliomba daftari la dipu, yaani la vipimo vya mafuta yaliyomo tankini, la miezi kumi na minane na kulinganisha lita zilizoingia, zilizouzwa na zilizobaki tankini. Upungufu ulikuwepo kila mwezi, na mimi na baba kabla yangu tuliusingizia joto. Maelezo ya joto yana ukweli ndani yake: petroli hupungua takriban lita 1 kwa kila lita 1,000 joto linaposhuka kwa nyuzi 1, na mzigo unaopakiwa kwenye joto la pwani ukashushwa hapa asubuhi ya baridi unaweza kupungua hivyo, lita 50 kwa mzigo wa lita 10,000 ukipoa nyuzi 5. Hata hivyo, upungufu wa joto huja na mzigo, ilhali wa kwangu ulikuja kila siku, hata wiki ambazo hakuna tenka lililoingia. Kanuni za Marekani huruhusu ulinganisho wa kila mwezi kupishana kwa asilimia 1 ya mafuta yaliyopita pamoja na lita 492 kabla ya kushuku uvujaji, na kwa kituo kidogo kama changu mwanya huo unaweza kumeza uvujaji wa kweli kwa miaka. Bomba linalovuja lita 9 kwa siku, ambazo hazifiki hata nusu ya ndoo, linamwaga zaidi ya lita 3,200 kwa mwaka. Fundi aliyeletwa kupima mabomba kwa shinikizo alikuta kiungo cha chini ya pampu ya pili kimelika. Tulikifunga siku hiyohiyo na baadaye tukabadilisha njia nzima. Matanki yenyewe yalifaulu kipimo, nami namshukuru Mungu kwa hilo.

Ugomvi wangu mkubwa na kampuni ulihusu majira. Walitaka duru nne za kuchukua sampuli kwa mwaka, nami kwa ajili ya gharama nilitaka mbili, moja baada ya masika na nyingine baada ya vuli. Walishikilia kwamba duru ya mwisho wa kiangazi, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, haiwezi kuachwa, hata kama nitaziacha nyingine. Nilikubali kwa shingo upande, na sasa nakiri hadharani kwamba walikuwa na haki. Majibu ya Juni yalikuwa ya kutia moyo: kisima cha ukutani kilishuka hadi 60, na nilikuwa karibu kumwambia bibi kwamba tumeshinda. Septemba maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita moja, na ule utepe ukatoa mlio wa mafuta katika kisima cha karibu na matanki, tabaka la milimita 4 la petroli inayoelea, mahali ambapo Juni hapakuwa na kitu.

Sababu yake niliieleweshwa kwa kipande cha sifongo. Maji ya ardhini yanapopanda wakati wa mvua huyafunika mafuta yaliyonasa kwenye vitundu vya udongo, na mafuta hayo hayawezi kutoka; maji yanaposhuka, udongo unaachwa wazi, mafuta yanachuruzika taratibu na kukusanyika juu ya maji, ndani ya kisima. Kwa hiyo kisima kinaweza kuonekana safi Mei na kuwa na petroli Septemba bila tone jipya kuvuja, na mwenye kituo anayepima baada ya mvua peke yake atapata majibu mazuri kila mwaka. Ukinunua huduma ya duru mbili, hakikisha moja iko kiangazi.

Mafuta yale walianza kuyavuta kila wiki kwa pampu ya mkono na kuyahifadhi kwenye pipa lililofungwa, ambalo hukabidhiwa mtu mwenye kibali cha taka hatarishi. Kwa upande wa ukutani, walinionyesha katika vipimo dalili kwamba bakteria wa udongoni wanaimeng'enya petroli: oksijeni na naitreti zimepungua, salfati imeshuka, madini ya chuma yaliyoyeyuka yamepanda. Wameniambia kwamba uchafuzi wa petroli wa namna hii mara nyingi hausafiri mbali. Utafiti wa maabara ya Lawrence Livermore wa 1995 kwenye mamia ya maeneo ya California ulikuta kwamba mawingu mengi ya benzini, yaani maeneo ya maji ya ardhini yaliyochafuliwa nayo, hayakuvuka mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo. Niliwashukuru kwa maelezo hayo, ila niliwakumbusha kwamba kisima cha bibi kiko mita 35 kutoka kwenye pampu yangu, na kwamba lava yenye nyufa haina ahadi na mtu.

Lalamiko langu zito ni la sampuli za Juni. Maabara inayopima benzini kwa kiwango kinachohitajika waliyoichagua iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na badala ya kusafiri nazo, walilipakia kasha kwenye basi la usiku kama kifurushi cha kawaida. Basi liliharibika njiani, kasha likafika siku ya pili jioni, barafu imeyeyuka na kipimajoto kinasoma nyuzi 19. Asidi huzifanya sampuli zidumu hadi siku 14, lakini zikiwa kwenye baridi. Kampuni ilipokea majibu, ikayaweka kwenye ripoti, na habari ya joto ikaandikwa kwa herufi ndogo kwenye kiambatisho cha nne. Niliigundua mwenyewe kwenye fomu ya makabidhiano ya sampuli, ambayo kila aliyeshika kasha anapaswa kusaini na kuandika saa. Kwa maana hiyo ile 60 ya Juni, iliyonifurahisha, huenda ilikuwa pungufu ya ukweli kwa sababu ya joto la safari juu ya sababu ya majira. Walikubali kosa, wakarudia visima viwili kwa gharama zao mwezi Julai, na sasa mtu wao anasafiri na kasha. Nawashauri wote wanaonunua huduma hii waombe kuiona fomu ile kabla ya kusoma ukurasa wowote wa ripoti.

Ripoti zenyewe ni fupi, kurasa kumi na mbili, na ramani ya visima yenye mshale wa mkondo iko ukurasa wa kwanza, jambo ninalolipenda. Zote, hata hivyo, zimeandikwa kwa Kiingereza. Nilipoomba muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya majirani, niliambiwa haumo kwenye mkataba. Hili sikulikubali kwa urahisi, na sidhani nitalikubali kamwe, kwa kuwa watu wenye haki ya kwanza ya kujua idadi zile ni kaya nne zilizokunywa maji yale. Niliketi na mwalimu mstaafu wa sayansi wa mtaani kwetu, tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukaupeleka kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisha tukaenda kwa bibi.

Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo wataalamu hawakuwa wameniandalia jibu lake: "Nimeyanywa kwa miaka mingapi?" Hakuna kisima cha uangalizi kinachoweza kurudi nyuma na kupima maji ya mwaka uliopita. Daftari la dipu linaonyesha upungufu wa kila siku ulianza walau miezi kumi na minane kabla, na hilo ndilo nililomwambia. Aliniambia, "Afadhali umeniambia wewe," akanyamaza. Kampuni ilipaswa kuwa na mtu kwenye mazungumzo yale. Wana wataalamu wa miamba, wa maji na wa maabara, lakini hawana hata mmoja aliyefunzwa kukaa kwenye mkeka wa mtu na kumweleza.

Gharama ya mwaka wa kwanza, pamoja na kuchimba, ilikaribia faida yangu ya miezi miwili na nusu. Mwaka wa pili itakuwa chini ya theluthi ya hiyo, kwa kuwa visima vipo na kilichobaki ni kupima. Kwa ubora wa kuchimba na kuchukua sampuli ningewapa nyota tano bila kufikiri. Kwa kusafirisha sampuli, mbili. Kwa kuwasiliana na watu, moja, na hiyo ni kwa sababu mwanajiolojia wao huja kwa bibi kumjulia hali kila duru bila kuagizwa na mtu.

Nimetia saini mkataba wa mwaka wa pili baada ya kuongeza masharti mawili: kasha la sampuli lisitengane na mfanyakazi wao mpaka maabara, na kila ripoti iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaobandikwa kwenye ofisi ya mtaa ndani ya siku saba. Kisima cha bibi kimefungwa kwa mfuniko wa zege, isipokuwa tundu la kupitishia bomba la sampuli, na bomba la maji ya mjini nililomvutia lina mita yenye jina langu. Kipimo chake cha mwisho, cha Desemba, kilikuwa mikrogramu 14 kwa lita. Duru inayofuata ni Machi, kabla ya mvua.